Chapa ndogo za mipira ya bolingi: kwa nini maduka hayazitaki na wachezaji hawaziamini?

#1 Mkunjo
Habari zenu wanajukwaa.

Msimu mzima wa ligi nimecheza na mpira wa chapa ndogo, na sijaona mahali ulipopungukiwa ukilinganisha na mipira ya kampuni kubwa niliyokuwa nayo kabla. Mafuta ya njia yanapoanza kukauka bado unashika, unapinda pale ninapotarajia upinde, na unaingia kati ya pini ya 1 na ya 3 kwa pembe nzuri. Hata hivyo fundi wangu, anayeuza mipira na kuitoboa matundu ya vidole, hataki kuuweka dukani kwake, na kila nikimgusia jambo hilo ananijibu kwamba hauuziki.

Rafu zake zimejaa Storm, Roto Grip, Brunswick, DV8, Radical, Hammer, Track, Ebonite, Columbia 300 na Motiv. Ikiwa kampuni 10 zinaweza kushindana katika rafu moja, sioni kwa nini ya 11 ikose nafasi. Dai langu ni kwamba maduka ndiyo yanayoziua chapa ndogo, kwa sababu mchezaji hununua kile alichowekewa mbele yake. Anayepinga na apinge kwa hoja.

#2 FundiMatundu
Napinga, na hoja yangu ni ya mtaji.

Nikiamua kuingiza chapa mpya, haiwezekani niingize mpira mmoja nikatulia. Nahitaji wa ratili 14, wa 15 na wa 16, na ule wa 15 lazima niwe nao zaidi ya mmoja kwa kuwa ndio unaoulizwa sana. Halafu kila mpira una umbali wake kati ya pini ya kiini (alama ya juu ya mpira inayoonyesha kiini, yaani uzito wa ndani, kimekaa wapi) na kitovu cha uzito, na una uzito wake wa juu, na vyote viwili vimeandikwa kwenye boksi. Mteja anayejua anachokitaka husoma boksi kabla hajaugusa mpira wenyewe. Akikuta pini iko inchi 2 ilhali anataka iwe kati ya inchi 3 na 4, anafunga boksi na kuniuliza kama ninao mwingine wa aina hiyo. Kwa chapa kubwa namwambia asubiri, nampigia msambazaji, na mpira unafika. Kwa chapa ndogo sina wa kumpigia.

Muda nao hauningoji. Kampuni kubwa hutoa mipira mipya mfululizo mwaka mzima, na mpira ambao haujatoka ndani ya miezi michache huwa umeshapitwa. Ukiwa wa jina linalojulikana nashusha bei, unaondoka. Ukiwa wa jina geni, nikishusha bei mteja anauliza una kasoro gani.

#3 Kumbukumbu
Mkunjo, kabla hatujaendelea naomba tuiweke sawa orodha yako, kwa sababu inabadilisha swali lenyewe. Hayo ni majina 10 lakini wenye nayo ni watatu.

Brunswick ilizinunua chapa za Ebonite International mwishoni mwa 2019, na humo zilikuwamo Hammer, Track na Columbia 300 pamoja na Ebonite yenyewe. DV8 ni chapa iliyoanzishwa na Brunswick, na Radical iko chini ya mwavuli huo huo. Kwa hiyo majina 7 kati ya 10 uliyoyataja yana mlango mmoja. Roto Grip imekuwa mali ya Storm tangu 1997, na mwaka 2020 Storm hiyo hiyo ikaichukua na 900 Global. Anayebaki peke yake katika orodha yako ni Motiv wa Spring Lake, Michigan.

Rafu ya fundi wako inaonekana kama uwanja wenye washindani wengi, lakini mwenye duka akitaka kuijaza anaweza kuweka oda mbili tu. Huyo wa 11 hashindani na wenzake 10 wanaolingana naye. Anakabiliana na watu wawili wakubwa sana na mmoja wa kati.

#4 Mkunjo
Ahsante Kumbukumbu kwa ufafanuzi. Naona unaliongezea uzito dai langu: duka limefungamana na milango miwili na halina haja ya kubisha wa tatu.

#5 PiniYaSaba
Mimi sioni kosa la duka hapa. Kosa ni letu wachezaji.

Tazameni watu wanavyonunua. Mchezaji wa kulipwa akishinda fainali kwenye televisheni, siku inayofuata watu wanaulizia mpira aliokuwa ameushika, bila kujali kwamba yeye anarusha kwa mizunguko mingi kuliko wao na kwamba njia aliyochezea ilipakwa mafuta kwa mpangilio tofauti kabisa na ule wa ligi yao. Chapa ndogo haina uwezo wa kumlipa mchezaji wa aina hiyo. Na hata ingempata mmoja kwa mapenzi tu, mashindano ya PBA, chama cha wachezaji wa kulipwa, yanataka mtengenezaji asajili na kulipia bidhaa zake kwanza ndipo zitumike. Mlango wa televisheni una kiingilio, na asiyeonekana huko ni kama hayupo sokoni.

#6 MamaRatili
Salaam. Natumia mpira wa ratili 12, na katika mazungumzo ya namna hii watu kama mimi husahaulika.

Nilivutiwa na chapa moja ndogo, nikaiandikia, nikajibiwa kwa adabu kwamba wanatengeneza kuanzia ratili 14. Nikauliza sababu, nikaelezwa vizuri. Ukubwa wa mpira haubadiliki ukipungua uzito. Kipenyo ni kilekile cha takriban inchi 8.5. Kwa hiyo ili mpira uwe mwepesi, ni lazima kiini kibadilishwe, ama kwa kukifanya cha malighafi nyepesi ama kwa kukipa umbo jingine. Umbo jingine ni kalibu nyingine, na kalibu ni gharama ambayo kampuni changa haiwezi kuibeba kwa ajili ya wateja inaowaona ni wachache.

Naielewa hesabu yao, lakini waiangalie na upande wa pili. Wanawake wengi, vijana, wazee na watu wenye mikono inayouma hucheza kwa mipira ya ratili 10 hadi 13. Duka likiweka chapa isiyoweza kuwahudumia watu hao wote, fundi analazimika kuwarudisha kwa kampuni kubwa, na familia nzima inafuata jina moja. Chapa ndogo inampoteza mama, na kupitia mama inampoteza mtoto ambaye ndiye mchezaji wa miaka 20 ijayo.

#7 FundiMatundu
MamaRatili amegusa jambo ambalo sisi mafundi tunaliishi. Mzazi akija na watoto wawili wa uzito tofauti, chapa isiyo na uzito mwepesi naifunika kabisa.

#8 MekoWaKiini
Naomba niingize upande wa kanuni, kwa sababu nahisi ndiko mizizi iliko.

USBC, chombo kinachosimamia mchezo huu Marekani na ambacho orodha yake ya mipira iliyoidhinishwa inafuatwa na wengi, imeweka mipaka ya karibu kila kitu. Kipimo cha RG, kinachoonyesha kama uzito umekaa karibu na katikati ya mpira au mbali nayo, lazima kiwe kati ya inchi 2.46 na 2.80. Tofauti kati ya RG kubwa na ndogo ndani ya mpira mmoja haipaswi kuzidi inchi 0.060. Uzito wote hauzidi ratili 16. Ugumu wa ganda, yaani tabaka la nje la mpira, una kiwango chake cha chini, msuguano una wake, na tangu 2020 mipira mipya inapimwa hata kasi ya kunyonya mafuta. Mwaka huo huo tundu la kusawazisha uzito, ambalo fundi alilitumia kubadilisha tabia ya mpira baada ya kuutoboa, likapigwa marufuku.

Matokeo yake ni kwamba watengenezaji wote wanacheza ndani ya chumba kimoja chembamba. Kampuni ndogo ikisema ina mpira usiofanana na wowote, mwenye ujuzi anaangalia namba na kuona kuna mipira kadhaa ya kampuni kubwa yenye RG na tofauti zinazokaribiana na zake. Sasa duka lichukue jina geni kwa faida gani? Tatizo la chapa ndogo ni kwamba kanuni zimewanyima nafasi ya kuwa tofauti.

#9 Kumbukumbu
Meko, namba zako ni sahihi ila hitimisho silikubali. Mipira miwili yenye namba za kiini zinazofanana inaweza kutenda tofauti kabisa njiani kwa sababu ya ganda. Kemia ya ganda na namna uso ulivyosuguliwa ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya tabia ya mpira, na huko bado kuna nafasi.

Historia nayo inakupinga. Yurethani, aina ya plastiki ya kutengenezea ganda, ilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1980, mmoja wa waliojijengea jina kwayo ni Faball na mipira yake ya Hammer, wala Faball haikuwa kampuni kubwa kuliko zote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 rezini mpya ya ganda iliyobadilisha mchezo wote ilikuja na mpira wa X-Calibur wa Nu-Line, jina ambalo wachezaji wengi wa leo hawajawahi kulisikia. Mabadiliko makubwa ya mpira yameletwa mara nyingi na wadogo.

#10 PiniYaSaba
Na Hammer leo ni ya nani? Umetuambia mwenyewe katika #3.

#11 Kumbukumbu
Ni ya Brunswick, na hapo ndipo ninapotaka tufike. Mdogo akivumbua, ama anaigwa ama ananunuliwa.

#12 Ukanda
Mfano unaonigusa zaidi ni wa marehemu Mo Pinel. Mtu huyu alisanifu viini vilivyobadilisha fikra za watu kuhusu namna mpira unavyozunguka, na mfumo wa pembe mbili wa kupanga matundu, ambao mafundi wengi hapa wanautumia kila siku, ni kazi yake. Alianzisha chapa yake mwenyewe, MoRich, yenye wafuasi walioipenda kwa dhati. Pamoja na jina lote hilo, MoRich haikudumu, na baadaye alipoendelea na Radical mipira hiyo ilifika sokoni kupitia Brunswick. Alifariki mwaka 2021.

Kama msanifu anayejulikana na kila fundi hakuweza kuisimamisha chapa ndogo peke yake, basi tusiseme tatizo ni ubora, wala tusiseme tatizo ni kutojulikana. Alikuwa na vyote viwili. Alichokosa ni kiwanda na magari ya kusambaza.

#13 FundiMatundu
Kuhusu kiwanda, Ukanda yuko sahihi. Chapa nyingi ndogo hazimwagi mipira yao wenyewe, yaani haziitengenezi kwa kumimina malighafi kwenye kalibu. Wanapeleka michoro na fedha kwenye kiwanda cha mwingine, nacho kinawamwagia kikipata nafasi. Kiwanda kikizidiwa na oda zake, mdogo anasubiri. Kikinunuliwa na mshindani, mdogo anatafuta pengine pa kwenda, na akipata, ganda halitoki sawasawa na lile la kwanza. Nimewahi kupokea mipira ya jina moja na rangi moja kutoka vipindi viwili tofauti, na nilipoitoboa vumbi lake halikuwa sawa. Ya kwanza ilitoa nyuzi ndefu laini, ya pili ikatoa unga mkavu. Mteja hawezi kuliona hilo, ila mimi niliposhika keekee nilijua kwamba huu si mpira uleule.

#14 Mtelezo
Wadau, mnazungumzia viwanda, mimi niwape kisa cha mteja wa kawaida.

Nilinunua mpira wa chapa ndogo, sitaitaja. Ulikuwa mzuri kwa miezi ya mwanzo. Kisha ukapasuka, ufa ukaanzia kwenye tundu la kidole cha kati ukazunguka karibu nusu ya mpira. Mpira wa kampuni yoyote unaweza kupasuka, hasa ukiachwa kwenye buti la gari lenye joto, kwa hiyo sikuwalaumu. Nilipotafuta waranti, barua pepe haikujibiwa, tovuti ikawa imefungwa, na duka nililonunulia halikuwa na uwezo wa kunifidia kwa sababu hakuna aliyekuwa akilifidia. Nililipia kutoboa, vishikio vya vidole na plagi ya kidole gumba, vyote vikapotea pamoja na mpira.

Tangu hapo nikiona jina geni najiuliza swali moja tu: je, mwakani watakuwapo?

#15 Mkunjo
Pole sana, kaka. Ila swali lako ndilo linalowaua. Kila mtu akisubiri kuona kama watakuwapo mwakani, hawatakuwapo.

#16 Mtelezo
Inawezekana. Lakini siwezi kuwa mfadhili wao kwa hela yangu ya mpira mmoja kwa mwaka.

#17 PembeTatu
Nimesoma uzi wote, na nashangaa hakuna aliyetaja sakata la Motiv, maana linaonyesha hatari ya kuwa mdogo kuliko mfano wowote. Mwaka 2016 mpira wao wa Jackal na ule wa Jackal Carnage iliondolewa idhini kwa sababu ganda lilikuwa laini mno, na watu waliokuwa nayo wakaambiwa wasiitumie kwenye mashindano rasmi.

#18 MekoWaKiini
PembeTatu, mwaka ni huo na mipira ni hiyo, lakini sababu haikuwa ganda. USBC ilikuta kwamba tofauti ya RG ilizidi ule mpaka wa inchi 0.060 nilioutaja katika #8. Sakata la ulaini wa ganda ni la baadaye, mwaka 2022, na halikuwahusu Motiv. Hammer ya yurethani ya zambarau iliyotengenezwa 2016 na 2017 ilizuiwa katika mashindano ya kitaifa ya USBC, na upande wa Storm mpira wa Spectre uliondolewa idhini huku mipira mingine 6 ya kundi lao ikizuiwa katika mashindano hayo.

#19 PembeTatu
Ahsante Meko kwa kuweka wazi. Hoja yangu inabaki, tena inapata nguvu. Storm na Brunswick walipokumbwa na hayo walikuwa na mipira mingine mingi ya kuuza siku hiyo hiyo. Motiv walilazimika kuwabadilishia watu mipira, jambo linaloumiza, na wakasimama kwa sababu walikuwa na kiwanda chao na mchezaji kama EJ Tackett, ambaye mwaka huo huo alichaguliwa mchezaji bora wa PBA. Chapa yenye mipira miwili tu sokoni, mmoja ukikutwa umevuka mpaka kwa sehemu ndogo ya inchi, imekwisha. Mwenye duka analijua hilo, na ndiyo maana anasita.

#20 FundiMatundu
Kwa ukweli, sijawahi kuikataa chapa kwa kuhofia USBC. Naikataa kwa sababu ya rafu na mtaji, kama nilivyosema.

#21 KeekeeTulivu
Mimi pia ni fundi, na leo nitamkosoa mwenzangu wa #2 kwa heshima zote.

Faida kubwa ya duka haiko kwenye mpira. Iko kwenye kupima mkono, kutoboa, vishikio, kusugua uso upya, kuziba na kutoboa tena. Mpira wenyewe unauzwa kwa faida nyembamba, kwa sababu wauzaji wakubwa wa mtandaoni wameshusha bei hadi mwisho wa uwezo. Kwa hiyo mteja akija na mpira wa chapa yoyote chini ya kwapa, mimi namkaribisha. Simfokei kwamba kwa nini hakununua kwangu, kwa kuwa akirudi mara ya pili atanunua kwangu begi, taulo na sabuni ya mpira.

Kinachonizuia kuipendekeza chapa ndogo ni maarifa. Kampuni kubwa zinanitumia karatasi ya mpangilio wa matundu kwa kila mpira, zinafanya mafunzo, na zinaleta mipira ya majaribio ukumbini ili watu wairushe kabla ya kununua. Nikishika mpira wao mpya, nimeshajua kiini hicho kinatendaje kwa sababu nimekitoboa katika mipira iliyotangulia. Chapa ndogo inanipa picha nzuri na maneno matamu, halafu mimi ndiye nitakayebahatisha mahali pa kuweka pini kwa mteja mwenye mkono polepole. Nikikosea, mteja hasemi mpira ni mbaya. Anasema fundi hajui kazi.

#22 FundiMatundu
KeekeeTulivu, kuhusu faida ya kutoboa tunakubaliana, ila hatari yako na yangu hazilingani. Mteja akileta mpira wake mwenyewe ukapasuka kwenye mashine, utamwambia nini? Na chapa nyingi ndogo zinauza moja kwa moja kwa mchezaji kwa bei ambayo duka halipewi, kisha zinanitumia ujumbe zikiniomba niziunge mkono. Huwezi kunipita mlangoni ukauza kwa mteja wangu, kisha ukarudi kuomba rafu.

#23 KeekeeTulivu
Namwandikisha karatasi kabla sijawasha mashine. Na hao wanaouza moja kwa moja siwalaumu, kwa kuwa maduka yamewafungia. Wangeishi wapi?

#24 Mkunjo
Mafundi wawili wamekutana, sisi wengine tukae kando tujifunze.

#25 Ukanda
Tusikae kando, maana hapo pana fundo. Chapa ndogo inauza moja kwa moja kwa sababu maduka hayaichukui, na maduka hayaichukui kwa sababu inauza moja kwa moja. Kila mmoja anaonyesha kosa la mwenzake, na yote mawili ni kweli. Nani alianza?

#26 PiniYaSaba
Nani alianza haijalishi. Mchezaji angeutaka mpira huo kwa nguvu, duka lingeuleta hata kama linanuna. Mipira ya Storm ilipokuja na harufu za matunda na maua, kuna waliodhani ni mchezo wa watoto, lakini wachezaji waliipenda, na leo mtu anafungua boksi anaunusa mpira kabla ya kuutazama. Tamaa ya mchezaji huvunja mlango wowote. Chapa ndogo zinaandika kuhusu viini na namba wakati mchezaji ananunua kwa macho, kwa pua na kwa jina.

#27 MamaRatili
PiniYaSaba, hapo sikubaliani nawe. Sinunui kwa pua. Nanunua mpira ambao mkono wangu unaweza kuurusha katika michezo yote mitatu ya usiku wa ligi bila kuuma, na kati ya hiyo nachagua unaopinda kwa kasi yangu ndogo. Mkiendelea kudhani mchezaji ni kijana mmoja mwenye nguvu anayetazama televisheni, mtaendelea kutengeneza na kuuza mipira kwa ajili yake tu.

#28 Kalibu
Habari za wote. Nimekuwa msomaji wa kimya, ila uzi huu umenilazimisha kuandika, kwa sababu mimi na wenzangu wawili tunafikiria kuanzisha chapa. Hatuna kiwanda, tungemwagiwa na mwingine, kama FundiMatundu alivyoeleza katika #13. Tunaona njia pekee ya kuingia madukani ni mali kauli: tunamwachia fundi mipira, anauza, ndipo anatulipa. Naomba mafundi mnijibu kwa uwazi, je, mngeipokea?

#29 FundiMatundu
Ningeipokea, lakini kwa sharti kwamba uzito wote uwepo, na mpira ukipasuka ndani ya mwaka mmoja unilipe na kazi ya kutoboa, si mpira peke yake. Kampuni nyingi hurudisha mpira na kuniachia mimi kazi ya bure.

#30 KeekeeTulivu
Mimi sihitaji mali kauli. Niletee mipira miwili ya majaribio iliyokwisha kutobolewa kwa vipimo vya kawaida, mmoja umesuguliwa na mmoja unang'aa, watu wairushe usiku wa ligi, na unipe karatasi yenye mipangilio mitatu ya matundu ambayo umeijaribu mwenyewe kwa wachezaji wa mizunguko tofauti. Nikiona unapinda kwa namna ambayo mipira niliyo nayo haipindi, nitanunua kwa fedha taslimu.

#31 MekoWaKiini
Kalibu, kabla ya duka fikiria idhini. Kila mpira mpya unaotaka kuidhinishwa na USBC unawasilishwa kwa ada pamoja na sampuli, na ukibadilisha ganda au kiini huo ni mpira mwingine. Mali kauli juu ya ada, juu ya kalibu, juu ya fedha uliyokwisha kumlipa anayekumwagia, ina maana umewekeza kila kitu kabla hujaona senti. Kampuni kubwa ingeweza kuvumilia hivyo kwa mwaka. Wewe na wenzako wawili mna miezi mingapi?

#32 Kalibu
Si mingi. Ndiyo maana tulitaka kuanza na mpira mmoja, wa ratili 14 hadi 16.

#33 MamaRatili
Anza na 12 na 13, mwanangu. Huko hakuna foleni.

#34 PembeTatu
Shauri la MamaRatili lina mantiki ya soko, ila Meko atuambie kuhusu kiini: je, kampuni changa inaweza kusanifu kiini kizuri cha ratili 12 kwa kalibu moja tu bila kugusa ile ya ratili 15?

#35 MekoWaKiini
Inaweza, kama itaamua kwamba hiyo ya 12 ndiyo inayosanifiwa kwanza, badala ya kuchukua kiini cha 15 na kukipunguza hadi kifae. Wengi hufanya hilo la pili, ndiyo maana mipira myepesi mingi ina tofauti ndogo ya RG na haichangamki njiani. Lakini PiniYaSaba atauliza ni mchezaji gani wa televisheni atakayeurusha.

#36 PiniYaSaba
Nauliza kweli, na sijapata jibu.

#37 FundiMatundu
Nami nina langu kwa Kalibu. Mpira ukirudi kwangu una ufa, nani atalipia usafiri wa kuurudisha kwenu, na nitaandika jina la nani kwenye boksi ikiwa anayewamwagia si ninyi?